Utafiti wa Majeshi: Fungu la Mbeya na Iringa Liko Wapi?

Mwananchi wa kawaida akisikia habari za utafiti wa kijeshi, fikra zake huenda moja kwa moja kwenye mizinga na makombora. Hatumlaumu. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba maarifa mengi yaliyotafutwa kwa fedha za majeshi ya mataifa makubwa yametoka kambini, yakapitia kiwandani na chuo kikuu, na mwisho yakamfikia raia yakiwa dawa, kipimo au chombo. Nchi yetu imo katika safari hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na kituo chake kikuu ni Mbeya. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Visiwani, pamoja na viongozi wahusika wa pande zote mbili za Muungano, nini kimefanyika huko Nyanda za Juu Kusini, nani amefaidika, na kwa nini tunaona kwamba hesabu ya mambo hayo haijakaa sawa.

Kwanza tuyaangalie maradhi yenyewe. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni asilimia 4.4. Mkoa wa Njombe, ambao hadi 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, una asilimia 12.7, Iringa yenyewe 11.1, Mbeya 9.6. Unguja na Pemba kiwango hakifiki asilimia 1. Tofauti hiyo haikuletwa na tabia za watu wa bara, kama wasemavyo baadhi ya wenye midomo myepesi barazani. Iringa na Mbeya zimekaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976. Kuna mashamba ya chai na misitu ya Mufindi yenye vibarua walioacha wake na waume makwao, na kuna mpaka wa Tunduma ambako madereva hungoja vibali siku nyingi. Palipo na virusi hivyo kwa wingi, kifua kikuu nacho hufuata.

Wataalamu waligundua jambo jingine. Mbeya ni njia panda ya virusi vyenyewe. Aina A na D, zilizoenea Kenya na Uganda, zilikutana hapo na aina C iliyotawala Zambia na Malawi, zikachanganyika ndani ya miili ya watu. Kwa mtafiti wa chanjo, mji kama huo ni shamba lisilo na mfano.

Hapo ndipo Jeshi la Marekani lilipoingia. Taasisi ya utafiti ya jeshi hilo, iitwayo Walter Reed, ina mpango maalumu wa utafiti wa virusi vya UKIMWI ulioanzishwa 1986. Sababu yao ilikuwa ya kijeshi hasa: askari hutumwa kila pembe ya dunia, na majeruhi vitani mara nyingi huongezewa damu ya mwenzake aliyesimama karibu. Mbeya walimkuta mshirika aliyetangulia, yaani Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, kikifanya kazi na Wizara ya Afya na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Baadaye kazi hiyo ikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo sasa ina kituo chake hapo.

Msingi wa yote hayo ulikuwa damu ya watu wetu, na hili tunaomba lisisahauliwe. Kuanzia mwaka 2000 wanawake wapatao 600, wahudumu wa mabaa ya kandokando ya barabara kuu, walikubali kufuatiliwa kwa miaka kadhaa, wakipimwa kila baada ya miezi. Ni kundi ambalo jamii hulitazama kwa jicho la pembeni. Baadaye ukaja utafiti mwingine mkubwa uliofanywa Uganda, Kenya, Thailand na hapo Mbeya. Watu 2,276 waliokuwa katika hatari ya kuambukizwa walikuwa wakitobolewa kidole mara mbili kila wiki, ili ukiingia ugonjwa uonekane katika siku zake za awali kabisa. Matokeo yalichapishwa 2016, na yakaonyesha kwamba virusi hufikia kilele chake katika damu kiasi cha siku 13 tu tangu vinapoanza kuonekana. Jambo hilo halikupata kupimwa kwa uhakika kabla yake.

Faida ilirudi, na itakuwa dhuluma tukisema haikurudi. Kuanzia 2004, kwa fedha za mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI zilizopitia Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, hospitali na zahanati za Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilipata dawa, maabara na mafunzo. Watu wengi wanaotembea leo wangekuwa makaburini. Chanjo bado haijapatikana. Majaribio ya mwisho makubwa, ambayo Mbeya na Dar es Salaam zilishiriki pamoja na Masaka na Durban, yalisimamisha uchanjaji mwisho wa 2023 baada ya kuonekana kwamba chanjo hazifui dafu. Hiyo ni hali ya sayansi na hatumlaumu mtu.

Lakini kipo kisa kingine kinachotufundisha zaidi namna safari hii inavyokwenda, nacho ni cha mashine ya kupima kifua kikuu iitwayo GeneXpert.

Msomaji anayefuga ng'ombe anakijua kimeta. Vijidudu vyake hukauka vikawa kama unga, na majeshi yamekuwa yakiviogopa kama silaha kwa miaka mingi. Idara za ulinzi za Marekani zilitoa fedha katika miaka ya 1990 ili kipatikane chombo kidogo cha kutambua vijidudu vya namna hiyo upesi, pasipo maabara kubwa. Kampuni ya Cepheid, iliyoundwa California 1996, ilikuwa miongoni mwa waliozipata. Mwaka 2001 barua zenye unga wa kimeta zikaua watu watano nchini humo, na chombo cha kampuni hiyo kikafungwa katika ofisi za posta za kuchambulia barua. Baada ya hapo wakatokea watu wenye akili ya kuuliza: kama kinatambua kimeta katika hewa ya posta, kwa nini kisitambue kifua kikuu katika makohozi? Chuo kikuu cha tiba cha New Jersey kikatoa wataalamu, shirika lisilo la biashara la Geneva likaunganisha pande zote, na fedha za umma na za wafadhili zikaongezwa. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likaipitisha mashine hiyo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Makohozi hutiwa dawa, yakawekwa katika kikopo cha plastiki kiitwacho katriji, na mashine huzidisha alama za urithi za kijidudu mpaka zionekane. Jibu hupatikana kabla ya saa mbili kupita, nalo husema pia kama ugonjwa umekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kabla yake mgonjwa wa Makete au Chunya alitegemea hadubini, ambayo huwakosa wengi, hasa wenye virusi vya UKIMWI. Au alingoja wiki kadhaa vijidudu viote maabara. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mahali ambako mashine hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa halisi. Majibu yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba iliwatambua takriban 88 katika kila wagonjwa 100 waliothibitishwa kwa kuotesha vijidudu. Sasa mashine za aina hiyo zimeenea nchini, na zimevuka bahari zikafika Unguja na Pemba.

Tuje kwenye hesabu sasa. Wachunguzi waliokusanya kumbukumbu za fedha wameeleza kwamba umma ulitoa zaidi ya dola milioni 250 katika kuibuni na kuiendeleza teknolojia hiyo. Mwaka 2016 kampuni ya Danaher iliinunua Cepheid kwa dola bilioni 4. Katriji moja ya kifua kikuu iliuzwa kwa nchi maskini kwa dola 9.98 kuanzia 2012, na haikushuka mpaka Septemba 2023, ilipofikia dola 7.97, tena baada ya kelele za miaka ya watetezi wa wagonjwa waliodai dola 5. Mashine yenyewe hutaka umeme usiokatika na chumba kisicho na joto kali, hutaka kurekebishwa kila mwaka, na sehemu zake za ndani zikifa huagizwa nje. Askari walitoa fedha, kampuni ikatoa ufundi, chuo kikuu kikatoa elimu, na Mbeya ikatoa wagonjwa. Watatu wa mwanzo walikuwa na mikataba inayotaja haki zao. Wa nne alipewa shukrani mwishoni mwa makala ya kitaalamu.

Wapo watakaosema tunakosa adabu kwa wafadhili. Tunawajibu kwa tukio la Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya. Dawa za UKIMWI ziliruhusiwa kuendelea baadaye, lakini siku zile zilitosha kuonyesha jinsi mambo yaliyojengwa kwa miaka 20 yanavyoweza kusimama kwa saini moja iliyotiwa mbali. Marekani ina haki ya kupanga fedha zake. Wajibu wa kupanga zetu ni wetu.

Na hatuanzi patupu. Mwaka 2000 shirika la APOPO lilihamia Morogoro, likashirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Jeshi la Wananchi kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa 2015 kuwa imesafishwa mabomu. Wakati huo huo watafiti waliuliza swali lile lile la kimeta: pua inayonusa baruti haiwezi kunusa kifua kikuu? Iliweza. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Waliowahi kuucheka mradi huo wa panya, nao walikuwamo wenye vyeo, wamenyamaza.

Upande wa chuma tunalo Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililoundwa rasmi 1985 chini ya Wizara ya Ulinzi. Lilibuni lori, likajenga karakana ya kumimina chuma na kuchonga vipuri. Lori lile halikufika kwenye uzalishaji mkubwa, kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha raia kilichofungwa nalo kwa mkataba wa kulipokea. Chuoni tuliposomea kwa ubao na wino wa masizi, mwalimu alikuwa akituambia kwamba elimu isiyotendewa kazi ni mti usiozaa. Nyumbu haikukosa elimu. Ilikosa mpokeaji, kama Mbeya nayo ilivyoshuhudia kiwanda chake cha Zana za Kilimo kikibinafsishwa kisha kikasimama.

Tunashauri hivi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kinatoa wahandisi wa mitambo na wa umeme. Jeshi la Kujenga Taifa lina kambi Itende na Mafinga. SIDO imo Mbeya na Iringa. Pande hizi zikae pamoja na Nyumbu na NIMR, na kazi ya kwanza iwe ndogo yenye kupimika, yaani karakana moja ya kanda ya kutengeneza na kurekebisha vifaa vya maabara na hospitali, vya jeshi na vya raia. Ifunze vijana wa JKT pamoja na wanafunzi wa chuo, na ichonge vipuri vinavyochongeka. Atakayedai kwamba tuanze kwa kubuni mashine mpya kabisa anatupeleka kwenye hotuba.

Pili, mkataba. Taratibu za NIMR tayari zinadai hati ya makubaliano kabla sampuli haijavuka mpaka. Hati hizo zipanuliwe zitaje bei: bidhaa yoyote iliyothibitishwa kwa damu au makohozi ya Watanzania iuzwe nchini kwa gharama ya kuitengeneza na faida ya kiasi, na mafundi wetu wapewe haki ya kuifungua na kuitengeneza. Hilo liandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kutobolewa, maana baada ya hapo hatuna la kushika mkononi.

Tatu, Visiwani. Ulinzi, utafiti na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Afya si jambo la Muungano. Kwa hivyo karakana ikijengwa Mbeya kwa jina la ulinzi na utafiti, Taasisi ya Karume na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vina haki ya kupeleka vijana wao huko, na Wizara ya Afya Zanzibar inahitaji makubaliano yake yenyewe ili mashine ya Wete iliyoharibika itengenezwe bila kungoja fundi kutoka ng'ambo. Kanuni ya nani atalipa nauli ya fundi huyo, na kutoka fungu lipi, haijulikani kwa wengi wa wanaohusika. Tungependa Wizara ya Ulinzi na Wizara mbili za Afya ziijibu kwa maandishi kabla ya makadirio ya mwaka ujao wa fedha kufikishwa Dodoma na Chukwani.