Kanuni za Maisha na Kidonge Kisichomezwa

Kitabu cha kanuni 12 za maisha cha Jordan Peterson, mwanasaikolojia wa Kanada, kimekosolewa sana tangu 2018 kwa kumlinganisha binadamu na kambakoche. Kanuni ya pili, inayowagusa wagonjwa, yastahili mjadala zaidi. Peterson aeleza kuwa watu huwapa wanyama wao dawa kwa uaminifu zaidi kuliko wanavyomeza zao, na chanzo akiona ni kujidharau. Pengine, kwa baadhi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonyesha mwaka 2003 kuwa ufuasi wa dawa hutegemea pia umaskini, huduma, ugonjwa na tiba yenyewe. Mama anayekata vidonge vya presha nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi hajidharau. Daktari asiyemwuliza habari ya bei atamwongezea dozi asiyoweza kuinunua.