Aliyeninyoa Asiniulize Nywele

Kisogo ni sehemu ya mwili ambayo mwenyewe haioni. Kinaonwa na aliyekaa nyuma: kwenye foleni ya wakala, kwenye benchi la kanisa, kwenye Coaster ya Mbeya kwenda Kyela. Ndiyo maana mwanamke anayevaa wigi la lesi na kulibana mkia kwa juu anajiweka mikononi mwa watu walio nyuma yake. Wigi likiachwa limwagike mabegani, kisogo kinasitirika. Likibanwa, kila kitu kinakuwa hadharani: mwisho wa wavu, mishono, na nywele zake mwenyewe zinazochungulia shingoni. Na hapa Kiwira watu wa nyuma wana maneno mengi. Nataka kuwajibu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Lesi ni wavu mwembamba ambao nywele hufungwa juu yake kwa vifundo vidogo, ili ngozi ya kichwa ionekane kwa chini. Mawigi mengi ya bei nafuu yana lesi mbele tu, sikio hadi sikio; nyuma ni mistari ya nywele iliyoshonwa kwenye kofia. Hilo ukilibana juu, mistari inachungulia. Mkia wa juu unataka lesi iliyozunguka kichwa chote, na unataka kazi. Unasuka twende kilioni zilizolala. Unavaa kofia ya soksi. Unaipaka lesi poda ya rangi yako, kwa sababu mara nyingi hutoka kiwandani na rangi ya ngozi ya mtu mwingine. Unanyofoa nywele chache mbele ili mstari usiwe mnene kama brashi. Unalaza malaika kwa jeli na mswaki, unafunga kitambaa, unasubiri. Msusi wangu huyafanya haya yote huku mvua ya Rungwe ikipiga bati na umeme ukija na kuondoka. Ni ufundi. Seremala akificha msumari tunamsifu. Msusi akificha mshono, mteja wake anaitwa mwongo.

Nilipopeleka barua ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika ofisi moja, aliyenipokea alitazama kichwa changu kabla ya kutazama bahasha. "Binti, msomi mzima unavaa nywele za marehemu? Uhalisia wako uko wapi?" Ni mtu wa rika la baba yangu, kwa hiyo nilitabasamu, nikaisogeza barua mbele yake. Aliisoma baada ya kumaliza somo lake la urembo.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Uhalisia wangu uko wapi? Ulifagiliwa. Kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita ni miaka 13, na katika shule zetu nyingi za serikali msichana huishi miaka hiyo na kichwa kilichonyolewa. Sababu zake nazijua na sizidharau: usafi, usawa kati ya mwenye nacho na asiye nacho, muda wa kusoma. Lakini tuhesabu pia gharama. Katika miaka 13 tulifundishwa kupanda mahindi kwa mstari, kuchora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula na kutaja marais wa nchi za mbali. Hakuna aliyetufundisha kuchana nywele zetu, kuzipaka mafuta, kuzijua zikiwa kavu na zikiwa na maji. Nilifika chuo kikuu nikiwa na akili ya mtu mzima na nywele za mtoto wa chekechea. Kisha jamii ileile iliyoshika mkasi inaniuliza kwa huzuni kwa nini sijivunii nywele zangu. Lini tulijuana?

Hii si tabia ya mzee mmoja wa ofisini. Ni desturi ya taifa. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1, 1969. Vilivyopigwa marufuku ni vimini, suruali za kubana za wanaume, dawa za kujichubua, na mawigi. Hata kabla ya siku hiyo kufika, wanawake Dar es Salaam walianza kuandamwa barabarani kwa jina la utamaduni. Waliotetea utamaduni huo walikuwa wamevaa mashati ya kola na viatu vya kamba, na hakuna aliyewauliza uhalisia wao uko wapi.

Miaka 50 baadaye marufuku ikarudi ikiwa imevaa suti ya kodi. Juni 2019, Waziri wa Fedha Philip Mpango alipendekeza bungeni ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Hotuba hiyohiyo ilipendekeza kuondoa msamaha wa VAT kwenye taulo za kike, uliokuwa umetolewa mwaka mmoja tu uliotangulia. Serikali inahitaji mapato, sawa. Lakini mwili wa mwanamke ni duka ambalo kila anayehitaji kitu huingia bila kubisha hodi.

Na kama wigi ni udanganyifu, basi mahakama zetu zilianza kwa udanganyifu. Waingereza walituletea majaji wenye mawigi ya singa za farasi. Kenya ilisubiri hadi 2011, Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoachana nayo. Miaka yote hiyo mtu mzima aliweza kuvaa mkia halisi wa farasi kichwani na kuhukumu watu, akaitwa Mheshimiwa. Mimi nikibana mkia wa nyuzi nilionunua Mwanjelwa kwa fedha za kufundisha tuisheni, naitwa limbukeni.

Zipo hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni chanzo cha nywele. Za binadamu si lazima ziwe za marehemu. Nyingi ni za watu walio hai. Katika hekalu la Tirumala, karibu na Tirupati nchini India, mahujaji kwa maelfu hunyoa nywele zao kama nadhiri, na hekalu huziuza kwa mnada. Aliyenyolewa hapati mgawo wa mnada huo. Anayetaka kunikosoa kwa ajili ya mwanamke yule, nitamsikiliza. Ila wanaonicheka Kiwira hawajawahi kumtaja.

Ya pili ni afya. Nywele zikivutwa kwa nguvu tena na tena, kwa mkia, kwa rasta au kwa gundi, mizizi inachoka. Zile za pembeni zinanyonyoka, na ukichelewa kuacha, haziroti tena. Hili ni kweli, na wasusi walisema kwa sauti. Lakini tuulize nani anayetusukuma kwenye gundi. Wigi linaweza kushikiliwa na mkanda wa elastiki na vibanio tu, likavuliwa jioni kama kofia. Tatizo ni kwamba bila gundi lesi inaweza kuinuka kidogo, na ikiinuka kuna anayetoa simu kupiga picha. Lesi ikionekana, msichana anachekwa. Isipoonekana, anaitwa mwongo. Kati ya kicheko na tuhuma hiyo ndipo nywele zetu za pembeni zinapoteketea.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Shule zinazonyoa zifundishe pia kutunza nywele, au zimwache msichana azisuke kwa utaratibu unaoeleweka. Sisi wasomi tuache kugeuza uhalisia kuwa mtihani anaoufanya mwanamke peke yake. Na wigi liruhusiwe kuonekana kuwa wigi. Kilemba hakidai kuwa ni nywele, na hakuna anayekipekua mshono. Julai hapa Kiwira, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani na wauza ndizi wamejifunika vitenge viwili viwili, wigi ni kofia nzuri tu ya baridi, nami nitalibana juu nionavyo.

Aliyeshika mkasi miaka 13 amemaliza zamu yake.