Wasifu wa Bibi Usingoje Msiba



Ndugu wasomaji, mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya karatasi moja ambayo karibu kila familia huiandika ikiwa imekwisha chelewa. Ni karatasi ya wasifu wa marehemu. Bibi wa ukoo amefariki, na mazishi ni kesho saa nane mchana. Usiku huo wajukuu waliotoka Dar es Salaam, Newala na Masasi hukaa penye taa na kuulizana: Bibi alizaliwa mwaka gani? Alizaa watoto wangapi? Aliugua nini hasa? Mmoja husema hivi, mwingine vile. Mwishowe huandikwa kwamba aliugua kwa muda mrefu na kwamba uzee nao ulichangia. Basi, maisha ya miaka 80 huzikwa pamoja na majibu yake.

Sisi wauguzi tunayatazama maswali hayo matatu kwa namna nyingine, kwa kuwa ndiyo tunayowauliza wagonjwa kila siku. Maoni yetu ni haya: wasifu wa Bibi uandikwe angali hai, kwa mdomo wake mwenyewe. Itakuwa heshima kwake, na itakuwa kinga kwa watoto na wajukuu wake.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wamakonde kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo bibi mzaa mama ndiye shina. Wengi wetu tunawakumbuka mabibi waliovaa ndonya mdomoni na kuchanjwa chale usoni. Lakini mara nyingi tunaikumbuka ndonya, na maisha ya yule aliyeivaa tumeyasahau.

Umri wake

Bibi asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwake hakukosa hesabu. Hesabu yake ni ya mambo yaliyotokea. Mwulizeni: kimbunga kilipopiga pwani ya Lindi mwezi Aprili 1952, alikuwa bado anabebwa mgongoni, au alikuwa msichana wa kuteka maji? Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa ameolewa? Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 na wakimbizi wakavuka Ruvuma, alikuwa na watoto wangapi? Tulipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 je? Na kwa watu wa Msimbati, gesi ya Ghuba ya Mnazi ilipogunduliwa mwaka 1982, alikuwa na wajukuu?

Tuseme Bibi anajibu kwamba wakati wa Uhuru alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza, naye aliolewa akiwa na miaka kama 17. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1943. Hesabu hiyo ina faida ya leo leo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwenye umri ulioandikwa vizuri hasumbuliwi mlangoni.

Watoto wake wote

Swali la pili ni gumu zaidi. Wasifu mwingi husema, "Marehemu ameacha watoto watano." Je, alizaa wangapi? Imeandikwa kwamba mama mzazi wa Mwalimu Nyerere, Mugaya wa Nyang'ombe wa Butiama, alizaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1997. Kwamba alizaa watoto wanane, na wawili kati yao walikufa wangali wachanga. Hao wawili wamehesabiwa. Katika familia zetu nyingi hawahesabiwi, ingawa mama yao hakuwasahau hata siku moja.

Tunasema hivyo si kwa ajili ya huruma tu. Ukimwuliza Bibi taratibu, anaweza kukwambia kwamba watoto wake wawili walikuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu ikivimba, macho yakiwa ya manjano, wakaishiwa damu na kufa. Huenda zamani ilisemwa ni uchawi, na jirani akachukiwa bure. Huenda ilikuwa malaria. Lakini huenda pia ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa, nao upo kwa wingi katika pwani yetu. Baba na mama wanaweza kubeba vinasaba vya ugonjwa huo bila kuugua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mjukuu anayeyajua haya ataomba kupima damu kabla ya ndoa, au atampeleka mtoto wake hospitali mapema, angali na nafasi ya kusaidiwa.

Magonjwa yake na ya dada zake

Ulizeni pia mama yake Bibi alikufa kwa nini, na dada zake waliugua nini. Kisukari, shinikizo la damu na saratani ya matiti huandama baadhi ya koo. Presha ya macho nayo ni hivyo hivyo: humpofusha mtu polepole bila maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Kama Bibi alipofuka kwa ugonjwa huo, watoto wake wote wapimwe macho hata kama wanaona vizuri.

Tena, kumsikiliza mzee ni kumpima. Ukikaa naye saa moja utagundua kwamba anakutambua kwa sauti, wala haoni uso wako. Yawezekana ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Utaona kwamba anahema akizungumza, au miguu imevimba, au dawa za shinikizo zilimalizika tangu mwezi uliopita na hakutaka kuwasumbua. Neno "ni uzee tu" limewafungia wazee wengi ndani ya giza lisilo la lazima.

Je, si kumchulia?

Wapo watakaosema kwamba kumwandika mtu wasifu akiwa hai ni kumchulia kifo. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtume Paulo alipomwandikia Timoteo alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike. Aliyekumbushwa habari hizo alipata nguvu, hakuna aliyechuliwa. Na Amri ya Nne haikungoja mazishi.

Ila tuwe na adabu. Aulize yule ambaye Bibi anamzoea, labda binti yake au mjukuu anayeitwa kwa jina lake. Aulize kidogo kidogo, wakati wa kuchambua mboga au kupaa samaki, na akichoka aachwe. Akikataa kulisema jambo, liwe lake. Daftari liwe na sehemu mbili: moja ya kusomwa kanisani siku itakapofika, nyingine ya kuonyeshwa daktari tu. Katika pwani hii ukoo mmoja huwa na Wakristo na Waislamu. Daftari hili litawafaa wote, maana damu ni moja.

Kama mnatafuta siku ya kuanzia, Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Jumuiya Ndogo Ndogo ziitumie siku hiyo kuwatembelea wazee wakiwa na daftari na kalamu, pamoja na sukari na sabuni tulizozoea kuwapelekea. Aliye na bibi nyumbani asingoje hata Julai. Daftari la kurasa 40 linamtosha kuanza jioni ya leo.