Oda Si Mauzo!

Jamani, wauzaji wa programu waache kutudanganya eti ukinunua programu ya kutabiri mahitaji, ghala litajisawazisha lenyewe. Mwaka 2001 Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao iliyosifiwa kwa mifumo yake ya tarakilishi, ilifuta vitabuni mali ya ghalani ya takriban dola bilioni 2.2. Kisa? Vifaa vilipoadimika, baadhi ya wateja waliagiza mzigo uleule kwa wauzaji kadhaa. Tarakilishi ikahesabu kila oda kuwa mahitaji mapya. Soko liliposhuka, oda zikayeyuka, mali ikabaki. Mashine ilijumlisha sawasawa, ila ililishwa uongo. Kiwanda kidai kwanza takwimu za mauzo halisi kwa mteja wa mwisho. Programu baadaye. Anayebisha na aseme!