Jiko la Downey lisizimwe

Kazi yangu ni ufundi wa mabango ya taa huku California. Vijana wapya wakitaka kuona bango lililotengenezwa na watu walioijua kazi yao, nawaambia waende Downey, kusini-mashariki ya Los Angeles, kwenye makutano ya barabara za Lakewood na Florence. Hapo pana mgahawa wa McDonald's uliofunguliwa tarehe 18 Agosti 1953, mkongwe kuliko yote ya jina hilo iliyobaki duniani. Hauna ukumbi wa kulia ndani. Unaagiza dirishani, unakula kwenye meza za nje. Paa lake limeinama, kuta zina vigae vyekundu na vyeupe, na kila ubavu una tao la manjano linalopanda juu kulipita paa. Kando limesimama bango la futi 60, na juu yake yupo mpishi mdogo aitwaye Speedee, anayekimbia bila kuchoka: mirija ya mguu huu ikizimika, ya mguu ule inawaka.

Mirija ya neoni hukunjwa kwa mkono, motoni, huku fundi akipuliza pumzi kidogo kwa kimpira ili kioo kisijibane kwenye kona. Ukiharibu kona moja unaanza upya. Neoni yenyewe huwaka nyekundu inayokaribia chungwa. Ukitaka bluu unatia agoni na tone la zebaki. Siku hizi wateja huomba LED kwa sababu haili umeme mwingi na haivunjiki ovyo, na kwa bango jipya sina neno. Lakini ukiiweka LED kwenye bango la miaka ya 1950, umehifadhi bati ukatupa bango. Nawasihi wenye mabango ya zamani: tafuteni mkunja kioo kwanza. Bado wapo.

Hata hayo matao yana historia yenye mkono wa mtu wa mabango. Richard McDonald, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha McDonald's, ndiye aliyeyachora. Msanifu wake, Stanley Meston, hakuyapenda. Aliyeyatengeneza ni George Dexter, mtengeneza mabango. Alama inayojulikana leo hadi kwa watoto wasiojua kusoma ilipata umbo mikononi mwa fundi wa mabango, na mimi najivunia jambo hilo.

Mgahawa wa Downey ulinusurika kwa sababu ya mkataba. Wenyewe walipata leseni kwa ndugu wawili wa McDonald kabla mfanyabiashara Ray Kroc hajaingia, kwa hiyo kampuni ya Kroc ilipoyaacha majengo ya matao mwishoni mwa miaka ya 1960 haikuweza kuwalazimisha wafuate. Mwaka 1984 jengo lilionekana linastahili kuingia kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, ila halikuingia, kwani mwenye mali alikataa, na sheria ya Marekani inampa haki hiyo. Kampuni ikalinunua mwaka 1990. Tetemeko la Januari 1994 likalitikisa, likafungwa, na mpango ukawa kulibomoa. Wakazi na watetezi wa majengo ya kale wakapiga kelele. Mwaka huohuo shirika la taifa la uhifadhi likalitaja miongoni mwa mahali 11 palipo hatarini zaidi nchini. Kampuni ikasalimu amri, ikalitengeneza, na mwaka 1996 jiko likawaka tena.

Shemeji yangu aliye Tanga aliniuliza kwenye simu: "Yaani mnagombana kwa ajili ya kibanda cha chipsi?" Ndiyo, shemeji. Downey ndiko kilikoundwa chombo cha Apollo kilichowapeleka watu mwezini na kuwarudisha, na sehemu kubwa ya kiwanda kile imeshabomolewa. Mtu wa mshahara wa wiki hakuacha kasri. Alichoacha ni mahali alipoegesha gari akawanunulia wanawe hambaga ya senti 15. Tukilinda nyumba za matajiri peke yake, wajukuu wetu watadhani mji ulikuwa wao. Wapo wanaosema chakula hiki kimeharibu afya za watu, na nakubaliana nao kuhusu chakula. Ila hakuna aliyepungua uzito kwa kubomoa jengo.

Barabara ya Firestone, humohumo Downey, ina funzo chungu. Pale palikuwa na Harvey's Broiler ya mwaka 1958, baadaye Johnie's, mgahawa ambao vijana wa magari walifika usiku kuonyeshana magari yao. Januari 2007, siku ya Jumapili, mpangaji aliingiza mashine akaanza kubomoa bila kibali. Polisi walipomsimamisha, sehemu kubwa ilishalala chini. Bango na kipande cha mbele vilisalia, na juu ya masalia hayo mgahawa ukajengwa upya, ukafunguliwa mwaka 2009 kwa jina la Bob's Big Boy Broiler. Nafurahi upo, lakini ulinzi unaokuja baada ya tingatinga umechelewa. Halmashauri za miji ziorodheshe majengo haya mapema, na kauli ya mwenye mali isiwe ndiyo pekee inayoamua.

Na kuhifadhi kuwe kwa kupika. Kule Des Plaines, Illinois, mgahawa ambao Kroc aliufungua mwaka 1955 ulibomolewa, wakajenga nakala iwe makumbusho. Nakala haikukaanga hata kiazi kimoja. Mafuriko ya mto yakaiandama, na mwishoni mwa 2017 kampuni ikatangaza kwamba nayo itabomolewa.

Turudi Downey. Taco Bell ya kwanza kabisa, ya mwanzilishi wake Glen Bell, ilifunguliwa mwaka 1962 palepale barabara ya Firestone. Ni kijumba cha futi za mraba 400 chenye matao ya matofali. Novemba 2015, kilipotishiwa kubomolewa, kampuni ilikipakia kwenye lori usiku ikakisafirisha maili 45 hadi makao makuu yake Irvine. Walifanya vyema kukiokoa. Lakini Irvine hakina mteja wala barabara yake. Naiomba kampuni na halmashauri ya Downey wakae pamoja, watafute kiwanja Firestone, wakirudishe kijumba kile, wakirekebishie nyaya na bango, kisha waanze kuuza tako dirishani.