Kitindamlo cha tofu: Utamu usiokumaliza mfuko wala mwili

Pita katikati ya jiji la Nairobi Ijumaa jioni uone vile vijana tunavyopanga foleni kununua vitu vitamu. Aiskrimu, milkisheki, keki ya chokoleti yenye krimu juu. Hakuna ubaya. Mtu amehasoo wiki nzima, ana haki ya kujipa raha kidogo. Shida ni kwamba raha hiyo tumewakabidhi watu wengine kabisa. Wao ndio huamua sukari iingie vijiko vingapi, mafuta gani yatumike na wewe utoe pesa ngapi. Kazi yako ni kulipa na kupiga picha.

Msimamo wetu ni huu: kitindamlo kitamu, laini kama krimu na chenye afya kinaweza kutoka kwa keja yako mwenyewe, hata kama ni bedsita yenye sufuria mbili na blenda ya kuazima kwa jirani. Na kiungo cha kukuwezesha ni kitu ambacho wengi wetu hukipita kwenye rafu ya supamaketi bila kukitazama mara ya pili. Tofu.

Tunajua unachofikiria. "Tofu? Hiyo si ni ya mabarobaro wa yoga kule Kilimani?" Ngoja kwanza.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, yakachujwa na kukamuliwa maji. Basi, hakuna maajabu. Na soya si mgeni hapa kwetu. Hulimwa Migori, Busia, Kakamega na Bungoma. Pengine ulikula nyama ya soya ukiwa shule ya bweni, na pengine ulikuzwa kwa uji uliochanganywa na unga wa soya. Kwa hivyo ukiambiwa tofu ni chakula cha watu wengine, jua kwamba malighafi yake inaota shambani kwa binamu yako.

Wala usidhani kuila tofu ikiwa tamu ni vituko vya TikTok. China wana douhua, tofu laini sana inayowekwa kwenye bakuli na kumwagiwa sharubati, mara nyingi yenye tangawizi. Ufilipino wachuuzi huzunguka mitaani wakiuza taho, yaani tofu yenye moto, sharubati ya sukari na punje za sago. Hicho ni chakula cha mtaa, cha mtu anayekimbilia kazi, kama vile sisi tulivyo na smoki pasua. Sisi ndio tuliokipandisha cheo kikawa cha matajiri.

Sasa, kwa nini tunakusumbua na jambo hili? Kwanza ni sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu mwili unazopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni takriban gramu 50, au vijiko 12 vya chai. Linasema hata ukishuka hadi gramu 25 itakuwa bora zaidi. Soda ya kola huwa na gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100. Piga hesabu: chupa moja ya nusu lita imemaliza mgao wako wa siku nzima, na bado hujagusa chai ya jioni wala keki. Kisukari cha aina ya pili hakingoji mtu afikishe miaka 60.

Pili ni tumbo. Watu wazima wengi duniani, na Waafrika wengi wakiwemo, hawasagi vizuri laktosi, ile sukari ya maziwa. Ndiyo maana kuna wale wakimaliza milkisheki tumbo linaanza kuunguruma kama matatu ya Githurai kwenye mlima. Hatusemi maziwa ni mabaya. Mala na mursik zina heshima zao, na jamii zilizofuga ng'ombe tangu jadi nyingi huyamudu maziwa bila shida. Lakini kama wewe ni wa kuunguruma, tofu haina laktosi hata kidogo.

Tatu ni protini. Gramu 100 za tofu laini hukupa gramu 5 hadi 7 hivi za protini, na ile ngumu hukupa zaidi. Aiskrimu ya kawaida haifiki hapo. Kitindamlo kinachokushibisha hakikurudishi jikoni saa nne usiku kutafuta mkate.

Haya, tuingie jikoni. Kwa watu wanne unahitaji gramu 300 za tofu, tende 8 zilizotolewa kokwa, ndizi moja iliyoiva vizuri, vijiko vitatu vya mezani vya kakao isiyo na sukari, matone machache ya vanila na chumvi kidogo sana. Loweka tende kwenye maji moto kwa dakika 15. Tofu yenyewe ichemshe kwa dakika tatu, kisha uimwage maji na kuiacha ipoe. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ndiyo huondoa ile harufu ya maharagwe ambayo huwafanya watu waseme tofu haiwezani.

Tia kila kitu kwenye blenda pamoja na vijiko vitatu au vinne vya yale maji ya tende. Saga, zima, kwangua kando kwa mwiko, saga tena. Usichoke mapema. Tofauti kati ya krimu na uji wenye chenga ni dakika mbili za uvumilivu. Ikiwa nzito mno, ongeza maji ya tende kijiko kimoja kimoja. Mimina kwenye vikombe na uweke kwenye friji saa mbili. Huna friji? Tengeneza kiasi cha kuliwa papo hapo na ukimalize siku hiyo hiyo. Tofu huharibika upesi kwenye joto.

Msimu wa maembe ukifika, achana na kakao. Chukua maembe mawili ya ngowe yaliyoiva, tofu ile ile, vijiko vitatu vya tui zito la nazi, iliki ya kusaga na maji ya nusu ndimu. Mpwani atakuuliza umejifunzia wapi.

Na kama bei ya tofu ya dukani inakukaba, jitengenezee. Loweka gramu 250 za soya kavu usiku kucha. Asubuhi zioshe, uzisage na maji lita mbili kwa mafungu, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Chemsha yale maziwa kwa moto wa wastani kwa dakika 15 baada ya kuanza kutokota, ukikoroga, maana hufurika na kuungua haraka. Usiyaonje yakiwa mabichi. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kusaga protini, na moto ndio huvivunja. Epua, yaache yatulie dakika tano, kisha utie polepole vijiko vitatu au vinne vya maji ya ndimu vilivyochanganywa na nusu kikombe cha maji. Yatakatika mabonge. Yachuje kwa kitambaa, uyakandamize kwa kitu kizito kwa dakika 20. Hiyo ni tofu. Makapi yaliyobaki usitupe, yakande kwenye unga wa chapati.

Tofu ya ndimu huwa na chenga kuliko ya dukani, kwa hivyo weka kando kikombe cha maziwa ya soya yaliyochemshwa kabla ya kutia ndimu, uyatumie wakati wa kusaga kitindamlo. Pia ujue kwamba tofu ya viwandani ambayo hugandishwa kwa chumvi ya kalisi hukupa kalisi nyingi kuliko hii ya ndimu. Soma pakiti.

Tusidanganyane pia. Tofu si dawa. Haitibu kisukari wala haipunguzi kitambi kwa wiki mbili, na yeyote anayekuuzia hadithi hiyo anataka pesa zako. Asali haibadiliki kuwa dawa kwa sababu imetoka kwa nyuki. Mwilini ni sukari. Hata tende ni tamu kwa sababu ya sukari, ila angalau zinakuja na nyuzinyuzi zake. Kula kikombe kimoja, si bakuli. Na kama mwili wako hukataa soya, ukikuwasha au kukuvimbisha midomo, kitindamlo hiki si chako.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko bakuli lako. Kenya huagiza soya nyingi kutoka nje ilhali tuna kaunti zinazoweza kuilima. Sehemu kubwa ya soya hiyo huishia kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Mkulima wa Migori atapanda zaidi akijua kuna mnunuzi, na mnunuzi anaweza kuwa wewe. Serikali za kaunti zinapozungumzia kuongeza thamani ya mazao, zianzie kwa mashine ndogo za kusaga soya ambazo kikundi cha vijana kinaweza kuendesha, si kwa viwanda vya kuzinduliwa kwa utepe na kufungwa mwaka unaofuata.

Kwako wewe mwenye macho ya biashara, kikombe cha krimu ya tofu ni kitu unachoweza kuwauzia wanafunzi wenzako kwenye hosteli. Ila fanya mambo kwa njia inayofaa. Pata cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, weka bidhaa kwenye baridi muda wote, andika kwamba ina soya, na ukianza kufunga kwenye pakiti za dukani, tafuta alama ya KEBS. Mteja mmoja akiumwa tumbo, jina lako litazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hujamaliza kuosha blenda.

Hatukuambii uache aiskrimu. Birthday ya rafiki yako ikifika, enda mle. Tunachotaka ni wewe ujue kilichomo kwenye kijiko chako, na uwe na chaguo lingine unaloweza kumudu. Wikendi hii nunua pakiti moja tu ya tofu, au robo kilo ya soya kwa duka la nafaka. Saga, weka baridi, umpe mtu aonje bila kumwambia ni nini. Mwambie akimaliza.