Mnamdai Mjusi, Kitabu Chake Je?

Wadau, nilikuwa kimya kidogo. Gazeti lilinituma Ruangwa kufuatilia minada ya ufuta, nami nikaiba siku mbili kwenda Malolo kumsalimia mama yangu mdogo. Habari ya ufuta nimeshaiandikia kazini. Leo nina jambo jingine, limenikaa kooni tangu niteremke basi Dar.

Pale kwa mama mdogo yupo kijana wa kidato cha pili, mtoto wa dada yangu. Jirani mmoja, mtu mzima na mwenye heshima zake, alikuja kunipa pole ya safari akaanza kumsema palepale mbele yangu: "Huyu hasomi. Kizazi hiki hakisomi kabisa, sijui mtafika wapi." Kijana akainama, hakujibu. Jioni hiyohiyo akachukua gazeti la michezo nililokuja nalo, akalisoma kuanzia mbele hadi nyuma. Akasoma msimamo wa ligi. Akasoma hata tangazo la zabuni! Kisha akanisahihisha, kwa adabu lakini bila huruma, juu ya kikosi cha Namungo.

Sasa huyo ndiye asiyesoma?

Kwa vile ananiita mjomba na mimi napenda sifa, nikaanza kumsimulia yule mjusi wa Tendaguru. Alichokuwa anajua ni kwamba "yuko Ujerumani". Basi. Hakujua kwamba Wajerumani walichimba hapahapa mkoani Lindi kuanzia 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa. Hakujua kwamba mamia ya babu zetu walifanya kazi pale, wala kwamba mnyapara wao, Boheti bin Amrani, alikuja kuwa fundi hodari wa kuyafukua yale mafupa. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa Berlin, na mmoja wa hao mijusi amesimamishwa kule makumbusho tangu 1937, urefu wake unapita mita 13. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2019 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Wamweracaudia keranjei. Wamwera! Sisi! Na hilo keranjei ni la Mohammadi Keranje, mmoja wa watu waliofanya kazi kwenye uchimbaji ule.

"Mafupa yalifikaje Lindi, mjomba?"

"Kichwani. Watu waliyabeba, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu."

Akacheka, akidhani namtania. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limeniharibia safari: "Imeandikwa wapi?"

Nikabaki nimetoa macho. Imeandikwa, tena vizuri sana, na Gerhard Maier katika African Dinosaurs Unearthed cha mwaka 2003. Kitabu kinene, Kiingereza chake si cha mtoto wa kidato cha pili, na bei yake ukiitafuta mtandaoni utafunga kompyuta. Kuna na vya Kijerumani. Cha Kiswahili cha kumwekea mkononi sikuwa nacho.

Kila baada ya miaka michache mbunge mmoja husimama bungeni kudai mjusi arudishwe. Makofi. Sisi waandishi tunaandika maneno 300 na kurudi kwenye siasa zetu (nami nimo, sijitoi). Lakini sijasikia hata mmoja akisimama kudai kitabu cha mjusi kwa watoto wa Lindi. Kusafirisha mifupa ile ni kazi ngumu na ya gharama. Kitabu je? Kinataka mwandishi, mchoraji, mhariri na ream kadhaa za karatasi.

Nenda Nachingwea, pale jirani tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja huko, mradi ukafa mwaka 1951 baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa mapema miaka ya 1960. Kichekesho, msiba na somo la uchumi kwa pamoja! Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lile kabla ya kujiuzulu, aliandika The Groundnut Affair mwaka 1950. Kiingereza tena. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alizindua kumbukumbu zake Novemba 2019. Kwa Kiingereza!

Halafu tunarudia ule msemo wetu wa kejeli, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu kiweke kwenye maandishi. Mimi msemo huo nauchukia. Huwezi kumficha mtu kwenye kitabu ambacho hukumwandikia.

Kwa kijana tumetenga vitu viwili: kitabu cha kiada, ambacho kinaua kila kinachokigusa kwa maswali ya zoezi, na hadithi ya kubuni yenye sungura au yatima anayeteswa na mama wa kambo. Sina ugomvi na hadithi, nimekulia humo. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ambayo naishangilia kwa moyo wote, ni ya uandishi bunifu. Nani anamtuza anayeandika mambo yaliyotokea kweli, kwa utamu, kwa ajili ya mtu wa miaka kumi na mitano? Mchapishaji mmoja aliniambia vitabu hivyo "havina soko". Kaka, magazeti ya michezo yanauzwa na nini kama si habari za kweli zilizoandikwa kwa bashasha?

Mkiniuliza nianze na kipi, nitasema anzeni na Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Mzee Mwinyi, 2021. Ni Kiswahili, na ni maisha ya mtoto wa Kivure, Mkuranga, aliyepelekwa Zanzibar angali mdogo, akawa mwalimu, kisha rais. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni mwembamba na utamaliza kwa siku mbili: muuza vyungu wa Fumba aliyefika Bombay kurekodi nyimbo mwaka 1928. Na kama kuna mtu ana moyo, amchapishe upya kwa vijana Salim bin Abakari, Mngazija aliyefika Siberia mwaka 1896 na kuandika safari yake kwa Kiswahili. Ilichapishwa 1901! Tulikuwa na waandishi wa safari kabla babu zetu hawajazaliwa, tukawaachia maprofesa.

Na atakayethubutu kutafsiri amchukue William Kamkwamba wa Malawi. Alitolewa shule kwa kukosa ada, akaingia maktaba ndogo kijijini, akakuta kitabu cha sayansi kuhusu nishati, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli. Kile hakikuwa kitabu cha sungura.

Kesho asubuhi kuna basi la Ruangwa. Nimefunga Mzee Rukhsa na Siti kwenye mfuko wa rambo, kondakta namfahamu. Kuhusu mjusi, nimeanza kumwandikia mwenyewe kwenye daftari, niko ukurasa wa nne na ndiyo kwanza wapagazi wanatoka Tendaguru. Jana kijana amenitumia meseji akiuliza walikuwa wanakula nini njiani.